UZI: Tulivyohangaika kumpima mwanetu usonji (autism) na kumtafutia shule. Wazazi wenzangu, karibuni

#1 Mama Babu
Habari zenu wapendwa. Mimi humu ni msomaji tu. Ila juzi mama mmoja alinikuta nje ya geti la shule namsubiri mwanangu, akanivuta pembeni akaniuliza, "Dada, wewe ulianzia wapi?" Nilimjibu nusunusu kwa sababu watoto walishaanza kutoka na ilibidi nimuwahi wangu. Nikarudi nyumbani roho inaniuma. Kwa hiyo nayaandika hapa yote, na yule mama akipita humu ayakute.

Mwanangu ana miaka saba sasa. Nyumbani tunamwita Babu kwa sababu amerithi jina la babu yake mzaa baba. Alitembea kwa wakati, kadi yake ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa unapanda vizuri. Ndiyo maana kila nikisema kuna kitu naambiwa, "Mtoto mzima huyu, unamtafutia maradhi." Alipofika mwaka na miezi minne alikuwa na maneno sita. Alipotimiza miwili yalibaki mawili. Ukimwita jina lake hageuki, lakini fungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, anatokea mbio. Anapanga vifuniko vya soda kutoka mlangoni hadi kabatini, mstari mmoja ulionyooka. Kisogeze kimoja, atalia mpaka atapike.

Mama mkwe wangu, ambaye nampenda na aliyasema kwa mapenzi, akasema ana udata, yaani ulimi umefungwa kwa chini, apelekwe akakatwe. Jirani akasema mtoto amechezewa. Mume wangu akasema hata yeye alichelewa kuongea, tumpe muda. Tukampa muda. Huo muda ndio ninaoujutia hadi leo.

Hospitali ya kwanza nilikwenda na maneno matatu tu mdomoni: hasemi, hasikii, analia. Babu siku hiyo alikuwa amelala mgongoni kwangu, katulia kama maji ya mtungini. Daktari akamtazama kidogo, akaniambia watoto wa kiume huchelewa, nirudi baadaye. Nikaenda kwingine, jibu likawa hilohilo. Mara ya tatu nikakutana na muuguzi mtu mzima aliyeniambia maneno ambayo sitayasahau: "Mama, daktari anamwona mtoto robo saa. Wewe unamwona kutwa. Tuletee hiyo kutwa."

Nikapita dukani nikanunua daftari la kaunta.

Kila siku niliandika yaliyotokea kama yalivyotokea, bila kuyapa majina. Sikuandika "mkorofi" wala "mjeuri". Niliandika: "Saa 2 asubuhi, jirani kawasha mashine ya kukamua juisi, kaziba masikio, kajificha uvunguni, katoka baada ya nusu saa." "Leo kanishika mkono kanipeleka kwenye ndoo ya maji, hakunyoosha kidole wala hakunitazama." "Nimemuuliza unataka uji? Kajibu: unataka uji." "Kala wali mtupu, mchuzi ukigusa wali hali." Wiki sita. Niliporudi hospitali sikusema kitu, nilimpa daktari daftari. Alisoma kurasa kama nane kimya. Kisha akaanza kuniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kwanza tulipelekwa kupima usikivu, kwa sababu mtoto asiyesikia naye haitiki. Masikio yake mazima. Ndipo tukapata barua ya rufaa kwenda Muhimbili, kliniki ya afya ya akili ya watoto. Wengi wanaogopa hilo jina "afya ya akili". Msiogope. Hatukuona wodi ya mtu yeyote, tulikaa chumbani na vifaa vya kuchezea. Walimwacha acheze, wakamwita, wakamwonyesha vitu, wakaniuliza mimba ilikuwaje, alizaliwaje, aliwahi kupata degedege, anacheza na nani. Tulirudi mara tatu. Hakuna aliyemtoa damu kutafuta usonji, kwa kuwa usonji haupimwi kwa damu wala kwa picha ya kichwa. Wanaangalia tabia na historia yake.

Karatasi tuliipata akiwa na miaka minne na miezi miwili. Siku hiyo sikulia. Nililia kesho yake nikiwa nafua.

Shule nayo ina yake. Chekechea ya kwanza ilimpokea ikamrudisha baada ya siku nne. Ya pili ilitaka nilipe ada yake na mshahara wa mtu wa kukaa naye. Mwisho tukaenda shule ya serikali ya mtaani kwetu, darasa lina watoto zaidi ya mia. Mnashangaa? Hapo ndipo alipotulia, kwa sababu mwalimu mmoja alikubali kukaa nami tukafungua daftari tukasoma pamoja. Sikumwambia "naomba mumsaidie mwanangu." Nilimwandikia mambo matano kwenye karatasi moja. Nitayaweka chini mkiyahitaji, sasa mtoto mchanga ananiita.

#2 Kipepeo wa Moro
Dada, nimesoma nikaona kama umeingia ndani kwangu. Wangu ana miaka miwili na nusu, wa kike. Kila kitu ulichosema isipokuwa vifuniko, yeye ni vibanio vya nguo. Naomba hayo mambo matano tafadhali. Na niulize, mtoto wa kike naye anapata?

#3 Nesi wa Zamu
Kipepeo, anapata. Wa kiume ndio wanaogundulika zaidi, na wa kike wengi wanachelewa kuonekana kwa sababu akikaa kimya watu wanasema "ana adabu". Usisubiri.

Mimi ni muuguzi, nipo Moshi. Niongezee machache kwa aliyoyasema Mama Babu. Kwa umri wa mwanao kuna dodoso linaitwa M-CHAT-R, la mtoto wa miezi 16 hadi 30, lina maswali 20 ya ndiyo na hapana. Anaonyesha kitu kwa kidole? Ukimwonyesha kitu anakitazama? Anakuletea kitu ili ukione tu? Dodoso hilo halisemi mtoto ana usonji. Linasema apelekwe mbele au la. Wewe una mtoto wa miezi 30, basi hata wiki hii mwombe daktari amfanyie.

La pili, huduma isisubiri karatasi. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anaweza kuanza kumfundisha mtoto kuvaa, kula, kukaa, kuomba kitu kwa picha, wakati bado mnasubiri jibu. Huku kwetu, hospitali ya KCMC ndiko wanakofundishwa wataalamu hao, na hospitali kubwa nyingi unaweza kuwakuta. Wenye watoto chini ya miaka mitano, ulizeni utaratibu wa msamaha wa malipo katika hospitali za serikali. Mkikwama kwenye malipo, nendeni dirisha la ustawi wa jamii hapohapo hospitalini kabla hamjarudi nyumbani.

#4 Mtu wa Kigamboni
Samahani wakuu, mimi nasema ninachokiona. Zamani hatukuwa na haya. Ni simu na katuni. Mtoto anapewa simu tangu ana miezi sita, ataongea na nani? Na hizi chanjo nazo, mtoto wa shemeji yangu alibadilika baada tu ya kuchomwa ya surua.

#5 Mama Babu
Kaka, sikukasirikii, nami niliwaza hivyohivyo. Nilizima televisheni miezi mitatu na simu nikaificha. Nyumba ilitulia na nilipenda, ila Babu aliendelea kutogeuka akiitwa. Na zamani walikuwepo. Kijijini kwetu kulikuwa na mtu mzima tuliyemwita bubu, na hakuwa bubu, alikuwa anarudia maneno ya redio neno kwa neno. Hakuna aliyempeleka popote. Nikimkumbuka sasa naumia.

#6 Nesi wa Zamu
Kaka wa Kigamboni, la chanjo nalisikia kliniki kila wiki, acha nilijibu vizuri kwa sababu kuna watoto wanakufa kwa surua. Uvumi huo ulianzia kwenye makala ya 1998 Uingereza iliyohusu watoto 12 tu. Jarida lenyewe lililoichapisha, The Lancet, liliifuta 2010 baada ya kubainika haikuwa ya ukweli. Tangu hapo wamechunguzwa watoto kwa malaki na uhusiano haukuonekana. Kinachowachanganya wazazi ni kalenda: chanjo ya surua hapa kwetu hutolewa miezi 9 na miezi 18, na miezi 18 ndio umri ambao wazazi wengi wanaanza kuona mtoto hasemi au maneno yamepotea. Mambo mawili yamekutana njiani, moja halikumzaa mwenzake.

Simu haileti usonji. Mtoto yeyote anayeachwa na simu kutwa anakosa watu wa kuongea naye, hivyo kuipunguza ni jema. Lakini msitumie miezi sita "kumtoa simu" kabla ya kumpeleka kupimwa.

#7 Baba Pacha
Mimi ni yule mume wa kwenye simulizi. Siyo wa Mama Babu, ila ndiye. Mke wangu alisema mapema, mimi nikasema kwetu wanaume wote tunachelewa. Nina pacha, mmoja anaongea, mmoja haongei, na bado nikawa nabisha. Alikwenda kliniki peke yake mara tano akiwa na watoto wawili kwenye daladala. Siku nilipokwenda naye, daktari aliniuliza, "Huyu mtoto anapenda nini?" Nikashindwa kujibu. Mke wangu akajibu.

Akina baba humu, nendeni. Hata kama kazi yenu ni kubeba begi na kumshika yule mwingine, nendeni.

#8 Mama Babu
Baba Pacha, Mungu akubariki kwa kuliandika hilo.

Haya, mambo matano niliyompa mwalimu. Ni ya Babu, ya wenu yatatofautiana, chukueni namna ya kuyaandika.

La kwanza ni rimu. Shule yetu kengele ni rimu ya gari inayogongwa na chuma, imening'inizwa kwenye mwembe. Babu ikigongwa ghafla alikuwa anakimbia hadi barabarani. Niliomba apewe taarifa kabla, "Babu, rimu," na akae ukuta wa mbali na mwembe. Mwalimu akaongeza lake ambalo mie nisingeliwaza: akampa Babu kazi ya kwenda na kiranja kugonga rimu. Akishika chuma mwenyewe, sauti haimuumizi. Sasa ndiye mgongaji wa saa nne.

La pili, paredi ya asubuhi. Asimame mwisho wa mstari. Katikati ya mstari akiguswa mabega kote kuwili anachanganyikiwa.

La tatu, maagizo mafupi, moja moja. "Kaa." Akikaa, "Toa daftari." Mwalimu alikuwa anasema kwa mkupuo, "Kaeni toeni madaftari andikeni tarehe," Babu akibaki kwenye "kaeni".

La nne nililiandika mkono ukitetemeka. Niliomba asichapwe kwa kuziba masikio, kwa kutotazama usoni wala kwa kurudia maneno ya mwalimu. Alishachapwa kwa hilo la mwisho, walidhani anamuiga mwalimu kwa dharau. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, sikugomba. Nilimfungulia daftari ukurasa ule wa "unataka uji".

La tano, kadi za picha. Choo, maji, nimechoka, kelele. Nilichora mwenyewe kwenye boksi la sabuni nikazibandika na selotepu.

#9 Mwalimu wa Kitengo
Mama Babu, nikikupata nakuweka uzungumze na walimu wangu wote. Mimi nimesoma elimu maalum Patandi, Arusha, na nafundisha kitengo, yaani darasa la watoto wenye mahitaji maalum ndani ya shule ya msingi ya kawaida, nisiitaje.

Wazazi, sikieni. Shule ya serikali haitakiwi kumkataa mtoto kwa sababu hamna karatasi ya daktari. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi. Karatasi inatusaidia kupanga, haimfungulii mlango. Mkikataliwa, msibishane getini. Nendeni halmashauri mumwone Afisa Elimu Maalum, mwambieni kwa maandishi tarehe mliyokwenda na mlichojibiwa. Huyo ndiye anajua vitengo viko shule zipi na vipi vina nafasi. Kwa Dar, Msimbazi Mseto ina kitengo cha usonji, na Uhuru Mchanganyiko imepokea watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali kwa miaka mingi. Wengi wanazijua, hivyo foleni ipo, ndiyo maana nawaambia pitieni kwa afisa aangalie na zilizo karibu nanyi.

Kuhusu viboko. Utaratibu unasema anayechapa ni mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mwalimu wa darasa kumchapa mtoto palepale kwa sababu kaziba masikio hakumo kwenye utaratibu wowote. Mzazi unaweza kuomba kuonyeshwa hicho kitabu. Na mimi kama mwalimu nasema, mtoto wa usonji ukimchapa kwa kelele umemfundisha kuwa kelele zinauma mara mbili.

Jingine ambalo wazazi hawalijui mpaka wamechelewa: mitihani ya taifa. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, inawaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini lazima mahitaji ya mtoto yawe yameandikwa shule inapomsajili. Muulizeni mwalimu mkuu mapema mwaka wa usajili, msingoje wiki ya mtihani.

#10 Binti Likoni
Hamjambo nyote. Mie niko Mombasa, mambo yetu yana utaratibu mwengine kidogo, nawaambia kwa walio upande wetu. Kenya kuna vituo vya EARC, vilianza mwaka 1984, kazi yake ni kumpima mtoto kwa ajili ya masomo na kusema aende shule gani. Waweza kwenda wewe mwenyewe na mtoto, si lazima utumwe na hospitali. Wakimaliza wanakupa fomu ya kumuingiza shule. Kesi ngumu hupelekwa KISE, taasisi ya elimu maalum ya Kenya, Kasarani, Nairobi. Kisha ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, uandikishwe upate kadi, hapo wataka ripoti ya hospitali ya serikali.

Mtaala nao una njia mbili. Kuna watoto wanaofuata madarasa kama wenzao na kuna wanaopita kwa hatua: msingi, kati, kisha stadi za kazi. Wangu yuko kwa hatua. Mwanzo nilichukia, nikaona wamemkata miguu. Sasa ana miaka kumi na mbili, avaa mwenyewe, aenda dukani na karatasi ya picha arudi na chenji. Mwanamke mwenzangu alinambia shule ya kawaida ndiyo heshima. Mie nikamjibu, mwanangu darasa la watoto wengi alikuwa akijing'ata mkono hadi damu.

#11 Mama Babu
Binti Likoni, nimekusoma mara mbili. Nilitaka kuandika kwamba shule ya kawaida ni bora kwa wote, nimefuta. Babu ana mwalimu yule mmoja. Akihamishwa, sijui. Nalala na hilo.

#12 Mtu wa Kigamboni
Nimesoma majibu yote. La chanjo nimelielewa na nimempigia shemeji. Mtoto wake ana miaka mitatu na nusu, hajampeleka popote, anaona aibu. Nimemwambia nitakwenda naye.

#13 Mjukuu wa Lindi
Kuna mtu kanifuata inboksi baada ya kuona nimefuatilia huu uzi, anauza unga wa kuondoa usonji, laki moja na nusu, siku 40 mtoto anaongea. Kuna aliyejaribu?

#14 Nesi wa Zamu
Usinunue. Hakuna dawa inayoondoa usonji, si ya hospitali, si ya unga. Dawa ambazo daktari anaweza kumwandikia mtoto ni za mambo yanayofuatana nao, kama kifafa, kukosa usingizi au kujiumiza, na anafuatiliwa. Hiyo laki na nusu ni nauli za kliniki za miezi. Mripoti huyo mtu.

#15 Baba Pacha
Na msiwape watoto unga bila kujua umechanganywa nini. Tulishauziwa sisi. Kijana alitapika usiku kucha.

#16 Kipepeo wa Moro
Narudi na mrejesho. Nimepata tarehe ya kupima usikivu, ni mwezi ujao. Baba yake kakubali kuomba ruhusa kazini. Daftari nimeanza, nawawekea ukurasa wa kwanza mniambie kama naandika sawa.

"Jumatano. Saa 1 kasoro, kaamka, hakulia. Kakataa uji. Nimebadilisha kikombe, kanywa wote. Saa 4, bibi kaja kumsalimia, kaangalia pazia. Saa 10, kapanga vibanio 14, vyekundu mbele. Saa 2 usiku, kanishika sikio mpaka akalala."

#17 Mama Babu
Unaandika vizuri sana mdogo wangu. Andika pia kikombe alichokikataa kilikuwa cha rangi gani.

#18 Kipepeo wa Moro
Cha kijani. Alichokubali ni cha bati, kile cha marehemu mama yangu.